Nafasi Moja Ukutani

Melbourne, 12 Februari 2018

Mpwa wangu Evdokia,

Nakubusu macho yote mawili, wewe na mumeo Sotiris, pamoja na mwanenu Nikitas huko Athens kwenye masomo yake. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Huku ni kiangazi, joto la kumkausha mtu akiwa amesimama. Mguu wangu wa kulia umeanza kuburuta, wa kushoto bado haujaambiwa, basi tunakwenda hivyohivyo. Mjukuu wangu Zoi huja kila Jumapili kunipikia vyakula vya vitabuni. "Babu, kula, ni afya." Namwambia afya niliiacha kisiwani pamoja na mbuzi. Anacheka. Ni mtu mzima mwenye kazi yake, lakini Kigiriki chake kinatosha kuombea chakula tu.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Sikio langu halishiki tena maneno, na mara ya mwisho tulipigiana kelele kama wachungaji wa vilima viwili. Tena maisha yangu yote ya kazi nilisahihisha chapa katika gazeti la Wagiriki wa hapa. Neno ambalo sijaliona kwenye karatasi siliamini sana.

Sasa jambo lenyewe. Dada yangu Marina, mama yako, Mungu amrehemu, ametimiza miaka minne makaburini, na makaburi ya mjini ni madogo, hayamwachi mtu akalala sana, lazima ampishe mwingine. Mtakapomfukua na kuosha mifupa yake kwa divai, naomba mmweke kwenye kanisa letu, ukutani, ubavuni mwa mama yangu. Nyumba ni ya wanawake, ndivyo desturi yetu ilivyo: mama yangu alimpa Marina, Marina akakupa wewe uliyerithi jina la bibi yako. Juu ya nyumba sina neno. Lakini kanisa la Mtakatifu Fanuris pale uani ni la kila aliyezaliwa ndani ya nyumba ile, na mifupa ya wazee wetu imo katika mashubaka yake tangu enzi za Waturuki. Palibaki shubaka moja tupu upande wa kaskazini. Baba alinionyesha siku ninaondoka, viatu vya safari viko mguuni. "Hili lako," aliniambia. "Usichelewe sana."

Nimechelewa. Zoi ameahidi kwamba wakati ukifika atanisafirisha. Lakini kwanza nataka kuja mwenyewe, Agosti hii, kwa siku ya mtakatifu ambayo ni siku ya jina langu pia. Nilale katika chumba nilichozaliwa, niguse shubaka langu, nirudi moyo ukiwa umetulia. Niambie mnataka nije tarehe gani.

Mjomba wako,
Fanuris


Kisiwani, 19 Aprili 2018

Mjomba wangu mpendwa,

Kristo amefufuka! Naubusu mkono wako. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kwaresima ilikuwa ndefu na posta yetu inafunguliwa posta yenyewe ikipenda. Tulikukumbuka mezani. Sotiris alirusha fataki usiku wa Pasaka akababua nyusi zake. Nikamwambia, "Mzima wewe? Umri huo unashindana na watoto?" Akasema namwonea wivu. Mgongo wake bado si mzuri, lakini basi la bandarini analiendesha siku ambazo anaweza kukaa. Nikitas ana mitihani Juni.

Mama tulimfukua mwezi wa tatu. Mifupa ilitoka safi, ya njano kama nta, na Padri Lefteris akasema hiyo ni dalili ya roho iliyotulia. Niliiosha mwenyewe. Tumeiweka katika nyumba ya mifupa pale makaburini, rafu ya juu, karibu na dirisha. Pana hewa nzuri.

Kanisani kuna unyevu siku hizi, mjomba. Kuta zilikuwa zinatoa chumvi, ikabidi tupake lipu na chokaa.

Kuhusu Agosti, nakuonea huruma. Joto ni kali, boti zimejaa, na zile ngazi za nyumbani unazikumbuka mwenyewe, hazina pa kushika. Oktoba ni nzuri zaidi. Bahari bado ina joto na watu wamepungua. Fikiria Oktoba.

Mpwa wako anayekupenda,
Evdokia


Melbourne, 10 Mei 2018

Mpwa wangu Evdokia,

Kweli amefufuka. Pole kwa nyusi za Sotiris. Huku Zoi alinipeleka kanisani na kiti cha magurudumu ambacho sikukihitaji, nikakisukuma mimi mwenyewe, koti la Zoi likiwa limekaa juu ya kiti.

Nashukuru kwa uliyomfanyia Marina. Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia habari za hewa ya ile rafu. Hukuniandikia kwa nini awe kwenye rafu. Mama yako alizaliwa hatua chache kutoka shubaka la mama yake. Tena niambie jambo moja la fundi: hiyo lipu mmeipaka ukutani, au juu ya mashubaka?

Oktoba haina Mtakatifu Fanuris. Siku yake ni tarehe ishirini na saba Agosti, na nimeshamwambia Zoi atafute tiketi. Pale klabuni kwetu Wagiriki, kwenye kahawa, rafiki yangu Kiriakos aliposikia alipiga meza. "Fanuris anaenda likizo! Nunua kofia, nunua mafuta ya jua, usisahau chupi ya kuogelea!"

"Siendi likizo," nikamwambia. "Naenda kwetu."

"Tiketi ya kurudi unayo?"

"Ninayo."

"Basi ni likizo."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Kiriakos alitoka kwao Thesalia akiwa mtoto, haya mambo anayajua, ndiyo maana anauma. Nijibu, Evdokia, kuhusu ukuta.

Mjomba wako,
Fanuris


Kisiwani, 30 Juni 2018

Mjomba wangu,

Naubusu mkono wako. Naandika haraka, msimu umeanza na sina mikono ya kutosha. Sote wazima. Nikitas anangoja matokeo.

Kama ni lazima iwe Agosti, binamu yake Sotiris ana hoteli nzuri bandarini. Ina lifti, ina kiyoyozi, chini kuna mgahawa, na bahari unaiona ukiwa kitandani. Nitamwambia akupe chumba cha mbele. Utapumzika vizuri kuliko kupanda huku kwetu.

Mengine tutaongea ukija.

Evdokia


Melbourne, 16 Julai 2018

Evdokia,

Salamu kwa Sotiris na Nikitas. Huku baridi, mvua, na habari njema hakuna.

Jumapili Zoi alikuwa anatafuta hoteli ya binamu yenu kwenye kompyuta. Ghafla akasema, "Babu, tazama nyumba hii ya kukodi ilivyo nzuri," akanigeuzia kioo. Nilikuwa nakunywa chai. Niliona mtambo wa mama wa kufumia, umetundikwa taulo. Niliona shubaka la picha takatifu, ndani yake glasi za divai zimepangwa kwa ukubwa. Niliona kile kitanda cha mbao kilichoinuliwa karibu na dari, ambacho mama alinizalia juu yake, kina mito ya bluu. Chini yake mgeni ameandika kwamba amelala usingizi wa watu wa kale. Tena kuna maelezo: ngome ya mashujaa wa Msalaba iko karibu, magofu ya hekalu yako karibu, makumbusho yenye mifupa ya miaka elfu mbili yako karibu. Kanisa letu lipo kwenye picha moja, mlango umefungwa.

Nilichukua barua zako nikazisoma tena na kalamu nyekundu mkononi, kama zamani kazini. Sikupata pa kuweka alama. Hakuna neno hata moja la uongo. Joto lipo, ngazi zipo, unyevu bila shaka upo. Ungekuwa mwandishi mzuri wa gazeti.

Hoteli ya binamu yenu mwachieni mwingine. Sitakusumbua.

Fanuris


Nyumbani kwa mama yangu, 28 Agosti 2018

Evdokia,

Hujambo. Mimi sijambo. Zoi ameungua mabega kwa jua na ana furaha. Sisi ndio akina Harkin, wageni wako wa wiki hii. Hilo ni jina la ukoo wa baba yake Zoi. Aliposikia kwamba ndimo nilimozaliwa, aliikodi nyumba bila kuniambia, akidhani ananipa zawadi, nami sikuwa na moyo wa kumkataza. Au nilikuwa nao, sikuutumia. Namba za kile kisanduku cha ufunguo zilikuja kwenye simu yake. Nilisimama mlangoni mwa mama nikimngoja mjukuu wangu abonyeze.

Bandarini niliwaamkia wazee waliokaa mgahawani, kwa lugha yetu. Mmoja akanijibu kwa Kiingereza.

Nilidhani utakuja, hata kubadilisha mashuka tu. Alikuja msichana wa kigeni. Nikamuuliza mwenye nyumba anaishi wapi, akainua mabega. Katika barua zako uliandika "huku kwetu", nami nikawa naona baraza hii. Sasa sijui uko wapi.

Kila asubuhi nimemwagilia mrihani wa barazani, uliomo kwenye makopo ya jibini kama zamani. Wageni hawajui kwamba lazima unywe kabla jua halijafika ukutani. Hilo ndilo jambo pekee nililofanya humu ambalo mama angelitambua.

Jana ilikuwa sikukuu yetu. Padri hakuwapo, wala mbuzi na viazi, wala fidla. Nilifungua kanisa peke yangu. Ndani kuna viti vya ufukweni na miavuli. Picha ya mtakatifu ipo, taa yake sasa ni ya umeme. Kuta ni nyeupe tupu. Nilipapasa upande wa kaskazini kwa kiganja, kisha wa kusini. Kote laini. Nikawasha mshumaa nikausimamisha kwenye mchanga. Wakaingia mume na mke wa nyumba ya jirani, wamevaa nguo za kuogelea. Mume akaniuliza:

"Samahani mzee, hili ni la karne ya ngapi?"

"Kizingiti mlichokanyaga kilitoka kwenye hekalu," nikamwambia. "Kuta ni za watu wa hapa."

"Kumbe wewe ndiye mlinzi!"

Nikasema ndiyo. Akanipa sarafu. Nimeiacha chini ya picha.

Unajua keki ya Mtakatifu Fanuris: huokwa na mtu aliyepoteza kitu, ili mtakatifu amfunulie kilipo. Yangu nimeinunua kwa mwokaji, maana sikuwa na wa kunikandia. Nusu tumekula. Nusu yako iko mezani, chini ya kitambaa, juu yake ndipo utakapoikuta barua hii. Nilichopoteza unakijua. Sikuulizi habari za nyumba. Sikuulizi habari za shubaka langu. Nakuuliza hili tu: mama yangu yuko wapi?

Boti inaondoka asubuhi hii. Ufunguo tunaurudisha kisandukuni, kama maelezo yanavyotaka.

Fanuris


Kisiwani, 20 Septemba 2018

Mjomba,

Naubusu mkono wako, hata kama utauvuta. Nikitas amefaulu. Sotiris bado mgongo. Nitasema yote kwa mara moja, maana nikisimama katikati sitaendelea.

Miaka miwili iliyopita mgeni mmoja aliingia kanisani kutafuta kivuli, akafunua sanduku lililokuwa shubakani. Alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka. Kisha akaandika kwenye mtandao kwamba uani kwetu kuna mafuvu ya watu. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa ametoka makumbusho, amelipa kiingilio kumwangalia msichana wa kale ndani ya kioo, amepiga naye picha. Wafu wa miaka elfu mbili ni historia, mjomba. Wa kwetu ni uchafu. Wageni wote wa Agosti wakajitoa. Kijana wa wakala anayetukodishia nyumba akapiga simu kutoka Athens.

"Mama, chagua. Ama mifupa ama wageni."

"Ni bibi yangu huyo unayemwita mifupa."

"Hata mimi nina bibi, mama, lakini simweki karibu na bwawa la kuogelea."

Bwawa lenyewe hatuna.

Mgongo wa Sotiris ulikuwa umeshaharibika, Nikitas ndiyo kwanza anaanza chuo. Ungefanyaje wewe? Katika nyumba ya mifupa palikuwa na nafasi moja tu, na nilijua italazimika kuwa ya mama yangu. Baba yako na wazee wengine wote tuliwashusha kwenye shimo la wote pale makaburini, kwa sala na uvumba. Padri Lefteris alisoma majina yao mmoja mmoja. Aliyeshushwa mle hatolewi tena, mifupa inachanganyika. Mashubaka tukayaziba. Na lako. Hayo ndiyo niliyoshindwa kukuandikia.

Sasa na mimi niseme yangu. Bibi tulimwosha kitandani mama na mimi, miaka yote aliyolala, nikiwa msichana ambaye wenzake wako kwenye ngoma za sikukuu. Picha yako na gari lako jipya ilikuwa ukutani karibu naye. Macho yalipokwisha akawa anaipapasa. Na kila ulipokuja, ulikuja Agosti. Ulikaa chini ya mzabibu, ukalia, ukala samaki, ukaondoka. Hujaiona Februari ya hapa tangu ulipopanda meli, wiki ambazo boti haiji na mkate unakwisha na daktari yuko ng'ambo. Huyo Kiriakos wako simjui, lakini mpe salamu zangu. Unasema "kwetu". Sisi tunaoishi kwetu, majira ya joto hatuna ruhusa ya kulala kwetu.

Uliuliza naishi wapi. Kuanzia Mei hadi Oktoba tunaishi ghalani, chini ya sakafu uliyokuwa ukiikanyaga, mle walimokaa punda na mitungi ya mafuta. Mlango wetu uko kichochoroni. Nusu ya kisiwa inaishi hivyo. Asubuhi ya kwanza ya wiki yako maji yalidondoka mbele ya dirisha letu, yananukia mrihani. Sotiris akasema, "Mgeni gani huyu anamwagilia kabla ya jua?" Nikamwambia, "Nyamaza." Halafu nikasikia hatua, mguu mmoja unaburuta. Kila asubuhi nilikaa kitandani nikasikiliza maji yako. Ngazi ni fupi. Sikupanda, kwa sababu ungeniuliza hilo uliloniuliza.

Bibi hayumo shimoni. Padri aliponyanyua sanduku lake niliona jina juu ya kifuniko, Evdokia, jina langu. Nikamwambia, "Hili hapana, Padri."

"Utaliweka wapi, binti yangu?"

"Nitajua mwenyewe."

Liko chini ya kitanda changu. Wiki ile nzima ulilala juu yake, na katikati yenu palikuwa na mbao za sakafu, na mimi.

Keki niliila kwa mikono, nimesimama. Ilikuwa kavu.

Evdokia


Melbourne, 14 Oktoba 2018

Mpwa wangu Evdokia,

Nakubusu macho yote mawili. Hongera kwa Nikitas, na Sotiris aache kubeba vitu. Mguu wangu wa kushoto umeshaambiwa. Zoi amebandika picha za likizo kwenye friji. Ipo moja ya kichochoro, ina dirisha dogo chini ya baraza lenye pazia la bluu. Aliipiga kwa sababu ya paka. Nimelitazama lile pazia kwa kioo cha kukuzia. Paka anaonekana vizuri sana.

Kiriakos aliniuliza likizo ilikuwaje. Nikamwambia jua lilikuwepo.

Habari ya Februari umeandika sawasawa, sikuona pa kuweka alama nyekundu. Ya baba yangu siwezi kuizungumza, wala usiirudie. Hukuniomba msamaha, nami sikukupa. Tuliache hapo, kila mtu abaki na lake.

Nimenunua mahali katika makaburi ya huku, karibu na reli. Huku hawafukui. Ukilazwa umelazwa. Hakuna atakayekuosha kwa divai, na hakuna atakayekuhamisha wageni wakija. Kwa hiyo usinitafutie sanduku, na shubaka lile liache na lipu yake.

Nina ombi moja. Mwezi huu boti ya mwisho ya wageni itaondoka, nanyi mtapandisha magodoro yenu juu. Mpandishe na mama. Kile kitanda cha mbao, toa mito ya bluu, umweke upande wa ukutani alikokuwa akilala. Akae hapo mpaka Mei.

Mjomba wako,
Fanuris